Namna ya Kukadiria Seva ya Kuhudumia Terminali Nyingi Katika Maabara ya Shule

Seva ya kwanza niliyoifunga mwenyewe, katika maabara ya kompyuta ya shule moja ya sekondari hapa Moshi, ilikuwa na RAM ya GB 8 na ilitakiwa kuhudumia terminali 20, yaani mashine za wanafunzi zisizo na diski ambazo huitegemea seva. Hesabu yake sikuitoa hewani. Nilitumia kanuni iliyozoeleka enzi za Edubuntu, toleo la Linux ya Ubuntu kwa ajili ya shule, inayosema uchukue MB 256 kwa ajili ya mfumo kisha uongeze MB 192 kwa kila mtumiaji. Kwa watumiaji 20 kanuni hiyo ilinipa MB 4,096, yaani GB 4 kamili, nami nikaweka mara mbili yake nikijiona nimekuwa mkarimu. Asubuhi ya kipindi cha kwanza wanafunzi wa kidato cha pili waliketi, wakaandika majina na nywila zao bila tatizo, kisha mwalimu akawaambia wafungue kivinjari. Walipofika kama tisa hivi, vishale vya vipanya viliacha kufuata mikono yao, na ile taa ndogo ya diski kwenye seva, ambayo kwa kawaida hupepesa, ikawaka moja kwa moja. Mwalimu akanigeukia akaniuliza, “Fundi, hizi mashine zako zinafikiri au zimelala?”

Hazikuwa zimelala. Seva ilikuwa imeishiwa RAM, ikawa inahamishia kumbukumbu kwenye diski ya kuzunguka na kuzirudisha tena kila mwanafunzi alipogusa kibodi. Kanuni niliyoitegemea ilitungwa wakati kivinjari kilikuwa programu ndogo na kurasa za intaneti zilikuwa maandishi na picha chache. Tangu siku hiyo sikubali jedwali la mtu mwingine liniambie ukubwa wa seva. Ninampima mtumiaji mmoja anayefanya kazi halisi ya maabara husika, kisha ninaikadiria seva kwa dakika yake iliyo nzito kuliko zote, wala si kwa wastani wa siku nzima. Hatua ninazozifuata ni hizi, na mfano nitakaoutumia ni maabara ya terminali 30.

Hatua ya kwanza: jua kazi inafanyikia wapi

Kabla ya hesabu yoyote, amua kama terminali zitaonyesha tu picha ya kazi inayofanyika kwenye seva, au zitawaka kupitia mtandao kisha ziendeshe programu kwa prosesa na RAM zao zenyewe. Kwa macho ya mwanafunzi mipango hii miwili haina tofauti, kwa kuwa katika yote miwili terminali haina diski na mafaili yote yanakaa kwenye seva. Kwa mnunuzi wa seva tofauti ni kubwa mno. Katika mpango wa kwanza, watu 30 wanatumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Katika mpango wa pili, seva inakuwa ghala la mafaili, na mashine ya kawaida yenye RAM ya GB 16 na diski nzuri inaweza kutosha.

Mradi wa LTSP (Linux Terminal Server Project), ulioanza mwaka 1999 na ambao mafundi wengi wa Linux waliujua kwa mpango ule wa kwanza, uliandikwa upya mwaka 2019, na tangu hapo mpango wa pili ndio unaochukuliwa kuwa wa kawaida. Kwa hiyo kama terminali zako ni kompyuta za ofisi za mtumba zenye RAM ya GB 4 au zaidi, ushauri wangu ni kwamba ziache zijifanyie kazi, upeleke fedha kwenye mtandao na diski, na usome hatua ya sita na ya saba peke yake. Kama ni visanduku vidogo vyenye RAM ya GB 1, au vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya kuunganishwa na seva tu, basi mzigo wote ni wa seva na hatua zote zinakuhusu. Wapo wanaochanganya, nusu hivi na nusu vile, na hilo linawezekana kabisa ilimradi hesabu ya seva ihusishe zile dhaifu tu.

Hatua ya pili: hesabu viti, usihesabu wanafunzi

Shule yenye wanafunzi 600 na terminali 30 ina watumiaji 30 kwa upande wa RAM, prosesa na mtandao. Wale 600 wanaingia kwenye hesabu ya nafasi ya diski tu. Ongeza mwalimu mmoja, na kama kuna terminali nyingine kwenye maktaba au ofisi ya mtaaluma, nazo uzihesabu, kwa sababu zitatumika saa zile zile za masomo.

Hatua ya tatu: mpime mtumiaji halisi

Hatua hii ndiyo yenye uzito, na ndiyo ambayo watu huiruka. Tafuta kompyuta yoyote yenye RAM ya GB 16, hata ya kuazima, uweke mfumo endeshi ule ule utakaotumika kwenye seva, ufungue akaunti tano, kisha uunganishe terminali tano. Usipime kwa kuingia kwenye kibodi ya seva yenyewe, kwa kuwa mtu anayeingia kupitia mtandao ana programu za ziada zinazomtengenezea na kumpelekea picha, nazo pia zinakula RAM.

Kabla mtu yeyote hajaingia, andika amri `free -m` na unakili tarakimu iliyo chini ya safu ya `available`. Usidanganywe na safu ya `free`, maana Linux huitumia RAM isiyo na kazi kutunzia mafaili yaliyosomwa karibuni, na huiachia mara tu programu inapoihitaji, kwa hiyo `free` inaweza kuonyesha kidogo sana hali ya kuwa seva ina nafasi tele. Kisha mwingize mtumiaji wa kwanza na umfungulie kazi ya kweli ya somo: LibreOffice yenye waraka wa kurasa kadhaa, na Firefox yenye vichupo vinne vya tovuti ambazo wanafunzi wanazitembelea hasa. Subiri dakika tano, nakili tena. Halafu waingize wengine wanne wafanye vilevile, nakili mara ya tatu.

Tuseme tarakimu zako ni 14,900 kabla ya mtu yeyote, 13,500 baada ya mmoja, na 9,700 baada ya watano. Mtumiaji wa kwanza amekula MB 1,400, lakini wanne waliofuata wamekula MB 3,800 kwa pamoja, yaani MB 950 kila mmoja. Tofauti hiyo si kosa la kipimo. Programu ya Firefox yenyewe hupakiwa kwenye RAM mara moja na watumiaji wote wakaishiriki, wakati kurasa alizofungua kila mmoja zinabaki kuwa mzigo wake peke yake. Ndiyo sababu haifai kumpima mtu mmoja na kuzidisha, wala haifai kujumlisha tarakimu za safu ya RES katika amri ya `top`, kwa kuwa humo kile kinachoshirikiwa huhesabiwa upya kwa kila mtu. Ukitaka mgawanyo wa haki kwa kila mtumiaji, sakinisha programu ya `smem` na uandike `sudo smem -u -k`, kisha usome safu ya PSS, ambayo hugawa sehemu inayoshirikiwa kwa idadi ya wanaoishiriki.

Jambo moja la kibinadamu: unapopima, pima kwa utundu. Mwalimu akisema vichupo vinne, mwanafunzi atafungua saba, na viwili kati ya hivyo vitakuwa vya mpira.

Hatua ya nne: hesabu ya RAM

Chukua MB 950 kwa kila mmoja uzidishe kwa 30, unapata MB 28,500. Ongeza MB 2,000 za mfumo na huduma zake, inakuwa MB 30,500. Juu ya hapo mimi huongeza asilimia 30, ambayo si anasa, kwa sababu seva isiyo na RAM ya kutunzia mafaili yanayosomwa mara kwa mara hulazimika kwenda kwenye diski kwa kila kitu. Jumla inafikia MB 39,650, karibu GB 39.

Vipande vya RAM havitakupa GB 39. Vipande viwili vya GB 16 ni pungufu. Vitatu vinafika GB 48 na vinatosha, ila prosesa nyingi za seva husoma RAM kwa njia kadhaa sambamba na hufanya kazi vizuri zaidi njia hizo zikijazwa kwa usawa. Ningeweka vinne, GB 64, na nisingejutia kile kilichozidi. Linganisha na ile kanuni ya zamani, ambayo kwa watu 30 ingeniambia GB 6.

Kisha weka ukomo. Hata seva yenye GB 64 inaweza kupigwa magoti na mwanafunzi mmoja mwenye ukurasa mbovu unaovimba bila kikomo. Kwenye mifumo inayotumia systemd, programu inayosimamia huduma za Linux, tengeneza faili `/etc/systemd/system/user-.slice.d/50-ram.conf` lenye mistari hii:

```
[Slice]
MemoryHigh=1500M
MemoryMax=2G
```

Baada ya hapo andika `systemctl daemon-reload`. Kuanzia sasa mtumiaji anayepita GB 1.5 atapunguziwa kasi, na anayefika GB 2 atafungiwa programu mojawapo, na atakayefungua vichupo 20 ataumia peke yake badala ya kuliangusha darasa zima. Mistari hii mitatu ingeniokoa siku ile ya kidato cha pili kuliko RAM yoyote ambayo ningeweza kununua.

Hatua ya tano: prosesa na dakika ya kwanza ya kipindi

Mtu anayeandika barua huitumia prosesa kidogo sana, na ukiitazama seva katikati ya kipindi utadhani ulinunua kubwa kupita kiasi. Mzigo wa kweli unakuja kengele inapolia, wote 30 wanapoingia na kufungua kivinjari karibu kwa pamoja. Hapo ndipo pa kupimia.

Mwingize mtumiaji mmoja, fungua kivinjari, kisha andika `systemctl status user-1001.slice`, ukiweka namba ya mtumiaji wako mahali pa 1001. Katika matoleo ya sasa ya Debian na Ubuntu utaona mstari wa `CPU` wenye jumla ya sekunde za prosesa alizotumia tangu alipoingia. Tuseme kuingia kumekula sekunde 6 na kufungua kivinjari sekunde 8, jumla 14. Watu 30 wanahitaji sekunde 420 za kiini kimoja cha prosesa (core). Prosesa yenye viini 4 itazimaliza kwa sekunde 105, yenye viini 8 kwa sekunde 52 na nusu, na yenye viini 16 kwa sekunde 26. Hesabu hii ni ya makisio, kwa kuwa viini havigawani kazi kwa ukamilifu namna hiyo, lakini inatosha kuamua. Dakika moja ya kusubiri mwanzoni mwa kipindi cha dakika 40 inavumilika. Dakika mbili, wanafunzi wanaanza kubonyezabonyeza kila kitu mara tatu tatu, na kila bonyezo ni kivinjari kingine kinachofunguka.

Unaposoma maelezo ya muuzaji, tofautisha viini na nyuzi (threads). Prosesa inayosemwa ina nyuzi 16 huwa mara nyingi ni ya viini 8, na nyuzi ya pili katika kiini kimoja haiongezi nguvu mara mbili. Hesabu kwa viini halisi.

Halafu kuna video, ambayo ni adui wa mpango mzima wa terminali zinazoonyesha picha tu. Kioo cha nukta 1366 kwa 768, kila nukta ikichukua baiti 4 na picha zikibadilika mara 25 kwa sekunde, kinahitaji baiti milioni 105 kila sekunde, yaani karibu megabiti 840. Mwanafunzi mmoja anayetazama video kwa kioo kizima angekaribia kuujaza waya wa gigabiti moja kama picha zingesafirishwa bila kubanwa. Programu za siku hizi huzibana, ni kweli, lakini anayebana ni prosesa ya seva, ambayo tayari imeshaifungua video yenyewe, kwa hiyo mzigo unatoka kwenye waya na kuhamia kwenye viini. Hakuna seva ya bei ya kawaida itakayowapa watu 30 video 30 tofauti kwa raha. Kama somo linahitaji video, mwalimu aionyeshe kwa projekta kutoka kwenye kompyuta yake, au terminali ziwe za mpango wa pili.

Hatua ya sita: diski

Diski ya kuzunguka kwa mizunguko 7,200 kwa dakika inaweza kutekeleza maombi kama 100 yaliyotawanyika kwa sekunde moja. Yagawe kwa watu 30 uone kila mmoja anabaki na ngapi. SSD ya kawaida ya SATA, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, inatekeleza makumi ya maelfu. Hapa sina mjadala: mfumo na mafaili ya wanafunzi yakae kwenye SSD, na kama kuna diski za kuzunguka, zitumike kwa nakala rudufu tu.

Kwa nafasi, ndipo wale 600 wanaporudi. Ukimpa kila mmoja ukomo wa MB 500 unahitaji GB 300, pamoja na nafasi ya mfumo na kidogo cha kupumulia, kwa hiyo SSD mbili za GB 480 zilizounganishwa kama kioo cha mwenzake, yaani RAID 1, zinatosha. Kumbuka kwamba kioo si nakala rudufu, maana faili likifutwa linafutwa pande zote mbili kwa wakati mmoja.

Hatua ya saba: mtandao

Terminali yenyewe huridhika na megabiti 100 kwa sekunde. Asiyeridhika ni seva, kwa kuwa waya wake mmoja unabeba wote 30. Chukua mfano wa terminali zinazosoma MB 300 kila moja wakati wa kuwaka: jumla ni MB 9,000. Waya wa gigabiti moja, ambao kwa vitendo hupitisha kama MB 110 kwa sekunde, unazimaliza kwa sekunde 82. Waya wa megabiti 100, unaopitisha kama MB 11, unazimaliza kwa takriban dakika 14. Nimekuta maabara yenye seva ya mamilioni ikiwa imechomekwa kwenye swichi ya zamani ya megabiti 100, na mwenyewe akiilaumu seva.

Angalia pia idadi ya matundu. Swichi ya matundu 24 haitoshi terminali 30, na ukiunganisha swichi mbili, waya unaoziunganisha nao uwe wa gigabiti, la sivyo safu ya nyuma ya darasa itakuwa na kompyuta za polepole ambazo hakuna atakayeelewa zimepatwa na nini. Seva iwe na kadi mbili za mtandao, moja ya maabara na nyingine ya ruta ya intaneti, ili seva iwe peke yake katika kugawa anwani ndani ya maabara. Bila hivyo ruta nayo itagawa, na terminali itakayojibiwa kwanza na ruta inaweza kushindwa kuwaka.

Kuhusu waya, usisome maandishi ya kwenye boksi peke yake. Kwangua uzi mmoja kwa ncha ya kisu: ukibaki mwekundu hadi ndani ni shaba, ukiwa mweupe chini ya ganda la shaba ni alumini iliyopakwa. Ule wa alumini hukatika kirahisi unapokunjwa na hupoteza nguvu ya mawimbi kwenye umbali mrefu, na katika jengo lenye waya wa mita 70 utaanza kuona terminali zinazokatika mara kwa mara bila mpangilio. Bei yake ni nzuri, na ndiyo mtego wenyewe.

Hatua ya nane: umeme, joto na vumbi

Terminali ya wati 10 ikichukua nafasi ya kompyuta ya wati 60 inaokoa wati 50. Kwa terminali 30 zinazowaka saa 6, hizo ni uniti 9 kila siku ya masomo, na bodi ya shule huielewa hesabu hiyo haraka kuliko nyingine zote. Seva na swichi ziwe kwenye UPS, kifaa chenye betri ya akiba. Terminali zinaweza kuachwa nje ya UPS, kwa kuwa hazina cha kupoteza zenyewe. Kama seva inatumia wati 200 na swichi wati 30, UPS ya VA 1,000 inayotoa wati 600 inabeba vizuri, na kazi yake si kuendeleza kipindi bali kuipa seva muda wa kujizima kwa utaratibu, jambo ambalo programu ya NUT hulifanya yenyewe betri inapokaribia kuisha.

Kinachosahaulika ni kile kinachotokea umeme unaporudi. Terminali zote huwaka kwa sekunde ile ile, na hapo seva inapata mzigo wa mtandao wa hatua ya saba na mzigo wa kuingia wa hatua ya tano kwa wakati mmoja. Isitoshe, kama unatumia RDP, njia mojawapo ya terminali kuingia kwenye seva kupitia mtandao, vikao vya watu waliokatwa vinaendelea kuishi kwenye seva na kushikilia RAM yao, hata kama terminali zimezimika. Mwanafunzi akirudi kwa jina lake anakikuta kikao chake, na hilo ni jema, lakini kama kipindi kimeisha na darasa jingine limeingia, seva inajikuta na watu 60 ndani wakati vyumbani wapo 30. Weka muda wa kufunga vikao vilivyoachwa, dakika 15 zinatosha, na uwazoeshe walimu kuwasha safu moja ya meza baada ya nyingine.

Chumba cha seva kinatakiwa kupitisha hewa, kwa sababu kila wati inayoingia kwenye seva inatoka kama joto. Moshi mwezi wa pili panajulikana. Arusha pana ubaridi zaidi, lakini pana lile vumbi laini la kiangazi linalojaza feni, na wakati wa masika pande zote mbili zina radi, kwa hiyo waya wa mtandao usipitishwe nje kutoka jengo moja hadi jingine. Tumia nyuzi za kioo (fiber).

Hatua ya tisa: ununuzi

Seva za mtumba zina thamani nzuri, ila ziangalie kwa makini kabla ya kutoa fedha. Seva yenye nafasi mbili za prosesa hugawa matundu ya RAM nusu kwa nusu, na nusu ya pili haifanyi kazi kama prosesa ya pili haipo. Muuzaji atakuonyesha matundu 16 nawe utatumia 8. RAM ya seva ya aina ya RDIMM haichanganyiki na UDIMM, kwa hiyo vile vipande ulivyotoa kwenye kompyuta ya mezani havitakufaa. Iwashe hapo hapo dukani usikilize feni, maana baadhi hupiga kelele kiasi kwamba haziwezi kukaa chumba kimoja na wanafunzi.

Terminali zikizidi 40 hivi, mimi hununua seva mbili za wastani badala ya moja kubwa. Gharama hupanda kidogo, lakini moja ikifa siku ya mtihani wa vitendo, nusu ya darasa inaendelea, na nusu nyingine inaingia kwa zamu.

Hatua ya kumi: jaribio la darasa zima

Kabla ya kukabidhi, omba darasa halisi kwa kipindi kimoja. Kwenye seva fungua dirisha la amri, andika `vmstat 5`, ukae nalo. Safu za `si` na `so` zinaonyesha kumbukumbu inayohamishwa kati ya RAM na diski, na zinatakiwa kubaki sifuri au kuguswa kwa nadra. Zikiwa na tarakimu kila mstari, RAM haitoshi. Safu ya `r` ni idadi ya kazi zinazoendeshwa au kungoja prosesa. Ikizidi idadi ya viini kwa dakika nzima na zaidi, prosesa ndiyo inayobana. Safu ya `wa` ikipanda huku `si` na `so` zikiwa sifuri, itazame diski.

Nilipoirudia ile maabara ya terminali 20, baada ya kubadilisha seva na kuweka ukomo kwa kila mtumiaji, kidato cha pili walikuwa wamekuwa kidato cha tatu. Niliketi pembeni na daftari nikinakili mistari ya `vmstat`. Walipofungua kivinjari, `r` ilipanda hadi 19, ikakaa hapo kama sekunde 40, ikashuka hadi 2. Safu za `si` na `so` hazikuacha sifuri. Mwalimu hakuniuliza kitu. Alikuwa ameshaanza kufundisha.